Jitu Lililokuja kwa Vipande: Kasri la Otranto na Mwanzo wa Riwaya ya Kutisha

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wapenzi wa fasihi,

Leo tuna kitabu kimoja tu mezani, na tuanze pale kinapoanzia chenyewe. Kijana wa miaka 15, Conrad, anaozwa. Ni siku ya harusi yake na ndiyo siku aliyozaliwa. Baba yake, Manfred, ni mtawala wa Otranto, kule kusini mwa Italia, na haraka ya ndoa hii ni ya baba, si ya mtoto. Watu wamekwisha kujaa katika kanisa la ndani ya kasri, bwana harusi haonekani. Anatumwa mtumishi akamwite. Mtumishi anarudi mbio, anahema, macho yamemtoka, povu kinywani, na neno hatamki. Ananyoosha kidole tu kuelekea uani. Manfred anatoka. Anamkuta mwanawe wa pekee wa kiume amepondwa chini ya chapeo ya vita, kubwa mara 100 kuliko chapeo yoyote iliyopata kufuliwa kwa ajili ya kichwa cha binadamu, na juu yake shungi la manyoya meusi la ukubwa wa kulingana nayo.

Neno chapeo nimelichagua kwa makusudi. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua kutoka "chapeo ya wokovu" katika Waraka kwa Waefeso, na linabeba uzito wa zana ya vita ya zamani. Ukisema helmeti, akili inakwenda kwenye pikipiki, na ukurasa wote unaharibika.

Angalieni mwandishi alivyokwenda. Hakutueleza hali ya hewa, hakutupitisha kwenye vyumba, hakutusimulia ukoo tangu babu wa babu. Kurasa mbili tatu, na tayari kuna maiti uani na kitu ambacho hakiwezekani kimekaa juu yake. Mwaka ni 1764. Kitabu kinaitwa The Castle of Otranto, nasi tukiite Kasri la Otranto. Wanahistoria wengi wa fasihi wanakihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya gothiki, yaani mama wa familia nzima ya hadithi za kasri, mizuka, njia za chini kwa chini na siri za ukoo.

Nina jambo moja la kulitetea mbele yenu. Thamani ya kitabu hiki haimo katika uzuri wa sentensi zake, wala katika undani wa wahusika wake. Imo katika namna kilivyoundwa. Dibaji ya toleo la kwanza yenyewe inasema kwamba hofu ndiyo mtambo mkuu wa mwandishi. Neno ni hilo, mtambo. Na mtambo una sifa moja ambayo shairi zuri halina: unaweza kufunguliwa, vipuri vyake vikatolewa kimoja kimoja, vikafungwa kwenye chombo kingine na vikafanya kazi. Ndivyo ilivyotokea.

Kwanza neno gothiki, maana linachanganya watu. Wagothi walikuwa kabila la Kijerumani lililouteka mji wa Roma mwaka 410. Karne nyingi baadaye, Waitaliano waliopenda usanifu wa Kirumi wakalitumia jina lao kama tusi kwa majengo ya Zama za Kati, yale yenye matao yaliyochongoka: kwamba ni ya kishenzi. Kwa hiyo mwaka 1764 hadithi ya kigothi haikuwa na maana ya hadithi ya kutisha. Ilikuwa hadithi ya zama za kale za giza, basi. Maana ya kutisha imetokana na kitabu hiki na wazao wake. Na hata hivyo toleo la kwanza halikuwa na neno hilo. Lilipachikwa kwenye toleo la pili, mwaka 1765, likisema hiki ni kisa cha kigothi.

Mwandishi ni Horace Walpole, aliyezaliwa 1717 na kufariki 1797. Baba yake, Robert Walpole, ndiye anayehesabiwa kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza. Mwana alikuwa mbunge kwa miaka mingi, lakini moyo wake ulikuwa kwenye vitabu, barua, vitu vya kale na nyumba yake. Nyumba hiyo, Strawberry Hill, iko Twickenham, kando ya mto Thames. Aliipanga mwaka 1747 ikiwa kijumba cha kawaida, kisha akainunua, na kwa miaka mingi akaigeuza hatua kwa hatua kuwa kasri dogo: minara, madirisha ya vioo vya rangi, sehemu za kuotea moto zilizoigizwa kutoka makaburi ya wafalme na maaskofu. Ukumbi wake mrefu, wa futi 56, una dari iliyonakshiwa kama ya kanisa kuu la mawe. Si mawe. Ni karatasi iliyolowekwa, ikachanganywa na gundi na kufinyangwa. Mgeni akiingia anaona uzito wa karne tano, na juu ya kichwa chake kuna karatasi.

Msikimbilie kumcheka kwa hilo, kwa sababu humo ndimo riwaya ilimozaliwa. Mtu aliyekwisha kujenga kasri la karatasi alijua kwamba anachokitaka ni athari katika akili ya mtazamaji: kigiza cha ngazi, mwanga unaopita kwenye kioo chekundu, silaha za kale zilizopangwa juu ya ngazi. Siku moja mwanzoni mwa Juni 1764 aliamka kutoka ndotoni. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake William Cole tarehe 9 Machi 1765 anaeleza alichokumbuka: alijiona ndani ya kasri la kale, na juu kabisa ya ngazi kuu, pale kwenye kizuizi cha kushikia, kumewekwa mkono mkubwa wa jitu uliovaa chuma. Jioni ile akaketi akaanza kuandika, hajui hata kidogo anataka kusema nini.

Barua hiyohiyo inatupa ratiba yake ya kazi. Alimaliza kitabu chini ya miezi miwili. Jioni moja alianza baada ya kunywa chai, kama saa 12, akaandika mfululizo hadi saa 7 na nusu usiku, mpaka vidole vikachoka, kalamu ikawa haishikiki, akawaacha Matilda, binti wa Manfred, na Isabella, mchumba wa Conrad, wakizungumza katikati ya aya. Anaongeza kwamba alifurahi kupata kitu cha kuwaza kisichokuwa siasa. Haikuwa bure: Aprili mwaka ule binamu yake, Henry Seymour Conway, alikuwa amenyang'anywa kikosi chake cha jeshi kwa kupiga kura bungeni kinyume na serikali, na Walpole alikuwa akimtetea kwa maandishi. Mtu anayeishi katika suala la nani kaondolewa kwenye nafasi yake bila haki, akaota kasri, akaandika kuhusu kasri lililoporwa. Siwezi kuona kwamba mambo hayo mawili hayajuani.

Sasa tuje kwenye uongo wa ukurasa wa kwanza, maana ndio kipuri cha kwanza. Walpole alikuwa na kiwanda chake kidogo cha uchapaji nyumbani tangu 1757, lakini kitabu hiki hakukichapa huko, siri ingefichuka. Alikipeleka kwa Thomas Lownds, mwuza vitabu wa Fleet Street, London. Nakala 500 zikatoka tarehe 24 Desemba 1764, ingawa ukurasa wa jina umeandikwa 1765. Ukurasa huo unadai kitabu kimetafsiriwa na William Marshal kutoka Kiitaliano cha Onuphrio Muralto, padre wa Kanisa la Mtakatifu Nikolasi, Otranto. Dibaji inaongeza kwamba maandishi yalipatikana katika maktaba ya familia ya kale ya Kikatoliki kaskazini mwa Uingereza, yamechapwa Napoli mwaka 1529 kwa herufi nzito za kale, na kwamba matukio yenyewe lazima yalikuwa kati ya 1095 na 1243, zama za Vita vya Msalaba. Vyote ni vya kubuni. Hata jina: Muralto kwa sikio la Kiitaliano ni muro alto, ukuta mrefu, na ndani ya Walpole mna neno la Kiingereza la ukuta.

Kwa nini uongo huu ulihitajika? Kwa sababu msomaji msomi wa 1764 alijiona amevuka zama za kuamini mizuka. Ukimpa mzuka kwa jina lako mwenyewe atakifunga kitabu. Ukimwambia kwamba hawa ni watu wa karne ya 12, wao waliamini, na mwandishi wa kale aliwaandika kama walivyokuwa, unampa ruhusa ya kuogopa pamoja nao bila kuona haya. Ilifanya kazi. Mshairi Thomas Gray alimwandikia Walpole kutoka Cambridge kabla mwaka haujaisha, tarehe 30 Desemba 1764, kwamba kitabu kimewaliza kidogo baadhi yao na kuwafanya wote waogope kwenda kulala usiku.

Nakala ziliisha upesi, toleo la pili la nakala 500 nyingine likatoka Aprili 1765, na humo Walpole akajitokeza kwa herufi H. W. Hapo mambo yakageuka. Jarida la Monthly Review, lililokuwa limekipokea kitabu kwa upole likidhani ni tafsiri ya kazi ya kale, likarudi Mei likakishambulia: mtu wa kisasa, mwenye elimu, anawezaje kurudisha ushirikina wa kishenzi? Maneno ya kitabu hayakubadilika. Kilichobadilika ni umri wake. Kwa mwanafunzi wa uhakiki sijui mfano mzuri zaidi wa kuonyesha kwamba fremu ya hadithi ni sehemu ya hadithi.

Kwenye ukurasa wa jina wa toleo hilo la pili kuna kitu kidogo ambacho wengi hupita bila kukiona. Ni mistari ya Kilatini kutoka kwa Horasi, mshairi wa Kirumi. Horasi alikuwa anakejeli kazi mbaya: maumbo ya ovyo yatabuniwa, kiasi kwamba wala mguu wala kichwa havitapata mwili mmoja wa kukaa. Walpole akayabadili maneno machache, ikawa: maumbo ya ovyo yatabuniwa, lakini hata hivyo mguu na kichwa vitapewa mwili mmoja. Hiyo si mapambo. Hiyo ni ramani ya msuko wote.

Tazameni. Jitu la Otranto haliji mzima. Linakuja kwa vipande, na kila kipande kina wakati wake. Sura ya 1, uani, inaanguka chapeo. Mwisho wa sura hiyohiyo watumishi wanaona mguu, umelala katika chumba cha ukumbi wa juu. Sura ya 3 unaingia msafara wa shujaa asiyesema neno, na ndani yake mabwana 100 wamebeba upanga mmoja, wanakaribia kuzimia kwa uzito. Ukifika mkabala na chapeo unawaponyoka, unaanguka na hauinuliki tena. Sura ya 5, kijakazi Bianca anauona mkono wa chuma juu ya kizuizi cha ngazi kuu: ile ndoto yenyewe. Ndipo, mwishoni kabisa, radi inapasuka, kuta nyuma ya Manfred zinabomoka, na katikati ya kifusi anasimama Alfonso, mtawala wa kale wa Otranto, amekua hadi ukubwa wa kutisha, akimtaja Theodore, kijana aliyedhaniwa mkulima tu, kuwa mrithi wake wa kweli. Mguu na kichwa vimepata mwili mmoja. Na utabiri uliokuwa ukirudiwa tangu aya za mwanzo, ambao hakuna aliyeweza kuufumbua, umetimia neno kwa neno: kwamba kasri na utawala wa Otranto vitaiacha nasaba iliyopo siku mmiliki wa haki atakapokuwa mkubwa kiasi cha kutoweza kukaa humo.

Angekuja mzima sura ya kwanza, kitabu kingekwisha hapohapo. Kwa kuvikata viungo na kuvitawanya, Walpole anamlazimisha msomaji ajenge jitu kichwani mwake, na jitu la kichwani halina kipimo.

Kipuri cha pili kimeelezwa na mwenyewe katika dibaji ya pili. Anasema kulikuwa na aina mbili za visa. Vya kale vilikuwa ndoto tupu; vya kisasa, na hapa wasomaji wake wangewafikiria kina Samuel Richardson na Henry Fielding, vinaiga maisha ya kila siku hadi ndoto imekauka. Yeye anataka kuvichanganya: miujiza iwe huru kabisa, lakini watu wanaoikuta waseme na watende kama ambavyo mwanamume au mwanamke wa kawaida angefanya. Fomula nzima ndiyo hiyo. Tukio halina mipaka. Mwitikio una mipaka ya ubinadamu.

Nitaionyesha kwa karibu. Manfred amewatuma watumishi wawili, Diego na Jaquez, wamtafute Isabella. Wanarudi wanatetemeka. Anawauliza wameona nini. Mmoja anasema Diego ameona. Diego anasema mwenzake naye ameona. Huyu anaanza habari ya walivyopanda ngazi, yule anamkatiza kwamba si hivyo, mlango aliufungua nani kwanza. Manfred anapandwa na hasira, anawataka waseme moja kwa moja, na kadiri anavyowatisha ndivyo wanavyozidi kujikwaa. Tunasoma karibu kurasa mbili za kubabaika kwa watu wawili kabla hatujaambiwa kwamba kuna mguu, na kwamba mguu huo ni wa mwenye ile chapeo. Wahakiki wa wakati ule, hasa waliofuata mkondo wa Ufaransa, waliona watumishi wa kuchekesha wanachafua kazi ya heshima. Walpole anamjibu Voltaire, mwandishi Mfaransa aliyemkosoa Shakespeare kwa kuchanganya kicheko na huzuni, kwa kumtaja Shakespeare huyohuyo na wachimba kaburi wake katika Hamlet. Lakini mbali na ubishi huo, tuone ufundi: kuchekesha kwao ndiko kunakochelewesha habari, na kuchelewa ndiko kunakozaa taharuki. Aliyewahi kumhoji mtoto aliyeona nyoka chumbani anajua jinsi jibu la "nini?" linavyozunguka nyumba nzima kabla ya kufika.

Kipuri cha tatu ni nyumba. Huyu Manfred, mwanawe akishakufa, anaamua amwache mke wake Hippolita na amwoe Isabella, mchumba wa marehemu, ili apate mrithi. Akiwa anamshika mkono kwa nguvu, manyoya ya chapeo yanainuka dirishani yakitikisika kwenye mbalamwezi. Kisha picha ya babu yake Ricardo inavuta pumzi nzito, inatoka kwenye fremu, inashuka chini, inampungia amfuate, halafu inampigia mlango usoni. Isabella anapata nafasi, anakimbilia njia ya chini kwa chini inayotoka kasrini hadi kanisani. Ana taa moja. Upepo unaizima. Hapo mmepata, katika kurasa chache, vitu vitatu ambavyo filamu za kutisha zinavitumia hadi leo: picha inayotazama, handaki, na taa inayozimika mikononi mwa msichana anayekimbia. Ile picha, Walpole alimkumbusha Cole, imetoka ukutani kwake mwenyewe: picha ya Lord Falkland, nguo nyeupe tupu, katika ukumbi wa Strawberry Hill.

Nyumba hii si mandhari tu. Ndiyo inayodai. Ricardo alikuwa mtumishi mkuu wa Alfonso. Alimwekea sumu huko Palestina, akaghushi wosia, akatwaa Otranto. Kutoka kwake mali ikaenda kwa Manuel, kutoka kwa Manuel ikaenda kwa Manfred. Dibaji ya kwanza inalalamika kwamba kisa kingekuwa na funzo bora zaidi kuliko hili la maovu ya baba kupatilizwa kwa wana hadi kizazi cha tatu na cha nne. Hesabuni: Ricardo wa kwanza, Manuel wa pili, Manfred wa tatu, Conrad na Matilda wa nne. Wa tatu anabaki hai ashuhudie. Wa nne wote wawili wanakufa. Conrad chini ya chapeo, na Matilda kwa kisu cha baba yake mwenyewe, gizani, kando ya kaburi la Alfonso, kwa kuwa alidhani anamchoma Isabella. Walpole, mtoto wa mwanasiasa aliyejua jinsi mashamba na vyeo vinavyopatikana, aliweka suala la hati ya nyumba katikati ya hadithi ya mizuka, na halijatoka humo tangu siku ile.

Mapungufu yapo na yasifichwe. Hippolita amenyimwa utashi hadi anachosha. Mume anataka kumwacha, yeye anaona ni wajibu wake kukubali. Theodore ni kijana mwema tu, kama wema wote wa vitabu. Miujiza mingine haina kazi: sanamu ya Alfonso inadondosha matone matatu ya damu puani, tunashtuka, tunaendelea. Na chapeo, ikishaanguka, inapasua sakafu ya ua na kufungua tundu la kuingilia chini, ili Theodore aliyefungiwa ndani yake apate kutoka. Hapo unaona mkono wa fundi.

Aliyeyaona haya mapema kuliko wengine ni Clara Reeve. Mwaka 1777 alitoa kisa chake, na mwaka uliofuata akakipa jina la The Old English Baron, akisema wazi kwamba ni mtoto wa Otranto. Dibaji yake inaorodhesha kilichomharibia ladha: upanga wa kubebwa na watu 100, chapeo ya kutoboa sakafu, picha inayotembea. Mizuka iwepo, alisema, lakini isivuke ukingo wa kinachowezekana. Utambuzi wake ni sahihi, tiba yake ikazidisha. Alibakiza vyumba vichache vyenye mzuka na sauti chache za kuguna, na hofu ikapungua pamoja na upanga. Walpole alisema kesi yoyote ya mauaji katika mahakama ya Old Bailey ingesisimua zaidi, na kwa hili nakubaliana naye.

Ann Radcliffe alipata njia nyingine. Katika The Mysteries of Udolpho ya 1794, ambayo alilipwa pauni 500, kiasi kilichowashangaza watu, kasri lipo, handaki lipo, dhalimu yupo, lakini kila kinachoonekana cha kimzuka mwishowe kinapata maelezo ya kawaida. Emily, msichana wa hadithi hiyo, anafunua pazia jeusi, anazimia, na msomaji hajui alichokiona kwa mamia ya kurasa. Ni umbo la nta. Radcliffe alichukua kuchelewesha kwa Diego na Jaquez akakunyoosha hadi kukajaza majuzuu manne. Matthew Lewis, katika The Monk ya 1796, akaenda upande wa pili: shetani mwenyewe ukumbini, hakuna maelezo, hakuna haya. Fasihi ya kutisha mpaka leo inayumba kati ya hao wawili, na wote wawili walikuwa tayari ndani ya Walpole.

Wengine nitawapitia haraka. Walter Scott aliandika utangulizi wa toleo la Otranto mwaka 1811, akakipa heshima ya kitabu cha historia. Jane Austen aliidhihaki familia nzima ya hadithi hizi katika Northanger Abbey. Mary Shelley, Frankenstein ya 1818, alirudi kwenye mwili unaounganishwa kwa vipande. Edgar Allan Poe mwaka 1839, katika The Fall of the House of Usher, aliangusha nyumba pamoja na ukoo wake. Bram Stoker, katika Dracula ya 1897, aliujenga upya ule uongo wa maandishi yaliyopatikana, safari hii kwa shajara na barua.

Kutoka kwa Poe kuna njia inayofika hadi kwetu. Ni yeye aliyebuni mpelelezi anayeingia penye kiza na kutoka na sababu; akafuatiwa na Sherlock Holmes; na kwenye nyayo za Holmes akatembea Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa 1960. Maiti iko mzimuni, watu wananong'ona juu ya wazee wa kale, na mtu mmoja anasisitiza kutafuta mkono wa binadamu. Simwiti Abdulla mwanafunzi wa Walpole. Ila msomaji wa Kiswahili aliyekipenda kitabu kile anaijua tayari raha ambayo Radcliffe aliiuza kwa pauni 500.

Kwa mtu wa kukisoma leo. Kitabu ni kifupi, sura tano, kama matendo matano ya tamthilia, na matukio yake yanabanwa ndani ya siku chache tu. Kisomeni kwa vikao viwili au vitatu, msikigawe kwa wiki. Rukeni dibaji zote mbili mwanzoni. Someni hadithi, kisha dibaji ya kwanza, kisha ya pili, mpate kudanganywa na kufichuliwa kwa mpangilio waliopata wasomaji wa 1765. Kinachowashinda wengi ni mazungumzo: Walpole hakuweka alama za kunukuu wala hakuanza mstari mpya kwa kila msemaji, wanne wanaweza kuzungumza ndani ya aya moja wakitenganishwa na vistari tu. Matoleo mazuri yameubakiza mtindo huo kama ulivyo. Shikeni penseli, andikeni herufi ya kwanza ya jina pembeni kila sauti inapobadilika. Baada ya sura moja sikio linazoea.

Na msitafute kasri hilo kwenye ramani kwa kudhani mtalikuta kama lilivyo kitabuni. Otranto ina kasri, lakini hilo lilijengwa baada ya Waosmani kuuteka mji mwaka 1480, zaidi ya karne mbili baada ya wakati wa hadithi. Mwaka 1786 bibi mmoja rafiki yake, Lady Craven, alimtumia Walpole mchoro wa kasri hilo. Akajibu kwamba hakujua hata kama kasri lipo. Hadithi ilipokwisha alifungua ramani ya ufalme wa Napoli kutafuta jina lenye mlio mzuri. Mfikapo sura ya 4, nendeni polepole kwenye mazungumzo marefu ya Matilda na Isabella, wasichana wawili wanaompenda kijana mmoja, kila mmoja akijaribu kumwachia mwenzake. Ni kurasa tulivu kuliko zote kitabuni, hazina chapeo wala upanga, na ni wasichana haohao aliowaacha wanazungumza usiku ule vidole vilipochoka.